Nilivyotuma maoni kwenye lugha ya kompyuta ili binti yangu anijibu

Wakuu, wakubwa wote shikamooni, wadogo marahaba! Sogeeni, mwenye chai aje nayo. Hii ilinitokea mimi mwenyewe, chumvi nimetia ya kuonja tu.

Mimi mkulima wa kahawa na ndizi, niko Ndama, Karagwe. Shule niliachana nayo pale walimu walipoanza kuuliza maswali.

Binti yangu Kemi yuko Ulaya, mwaka wa nne huu. Yuko kwenye kamati inayorekebisha kanuni za lugha ya kompyuta. Ndiyo, kompyuta nazo zina lugha, na watu wazima wanakaa vikao kuinyoosha!

Nikimpigia: "Shikamoo baba, niko kikaoni, nitakupigia."

Kikao gani hicho? Ng'ombe wangu kazaa mara mbili, hakijafungwa.

Wakuu, nimemmiss. Basi la Bukoba likipunguza mwendo tu, shingo inarefuka kama twiga. Msimu wa senene, wale panzi wetu watamu, mama yake anamtengea za kwake, na ole wako uguse.

Siku moja akaniambia mbio mbio: "Baba, mwezi huu tumebanwa. Rasimu iko wazi kwa umma, yeyote duniani anatuma maoni, na yote lazima tuyajibu, hata ya kijinga." Akakata.

Lazima wayajibu? Hata ya kijinga? Wakuu, hapo si ndipo kwenye kipaji changu!

Kesho yake niko Omurushaka, kwa dada mmoja wa steshenari. Kafungua fomu. Nikaanza kama tunavyoanza mkutanoni kwetu: nikasalimia kamati nzima, nikauliza hali ya migomba yao na ng'ombe wao, nikawapa pole ya baridi. Dada wa watu kaandika mpaka kucha zikaisha.

"Mzee, maoni yenyewe yako wapi?"

"Mwanangu, unaingiaje kwa watu ukaanza na shida?"

Akanisomea: kuna amri ya zamani wanataka kuiondoa, wakati programu nyingi bado zinaitumia.

Nikasema andika: "Msing'oe kahawa ya zamani wakati mpya haijazaa. Watu wanakula hapo."

Kukawa na sehemu ya mwisho, mabadiliko mengine unayopendekeza.

"Andika: Kemi aje nyumbani."

Wiki tatu baadaye jibu likaja, dada akanisomea. Pendekezo la amri ya zamani limekubaliwa, inabaki kwanza. Nilivimba mpaka mlango ukawa haunitoshi!

La Kemi: limeahirishwa mpaka toleo lijalo. Yaani miaka mitatu.

Chini yake Kemi kaongeza mwenyewe: "Baba, mwenyekiti aliyasoma yote kwa sauti, na salamu zote. Nililia mbele za watu. Ruhusa bado sijapata."

Nilirudi Ndama kwa miguu, na pesa ya bodaboda ninayo mfukoni.

Nilichojifunza: wakisema toeni maoni, toa, usijidharau eti hukusoma. Wanasikiliza kweli. Ila kusikilizwa na kumuona mtoto kumbe ni vitu viwili. Wenye watoto mbali humu, mnaishije? Nishaurini.

Maana mama Kemi nilipomwambia hiyo miaka mitatu, aliingia chumbani, nikajua analia. Kumbe anajifunga kitenge.

"Kwani mimi siyo umma? Vaa viatu, twende Omurushaka!"