Nilimpaka Poda Mama Mgonjwa, Nikamtumia Kaka Picha

Kosa ni langu. Sitamsingizia shetani, maana siku ile hakuwepo. Tulikuwepo watatu tu, mimi, mama na mama mdogo, mchana kweupe. Jina langu liacheni, Tabora watu tunajuana.

Nauza vipodozi sokoni. Bidhaa inayonilisha ni poda ya kuokwa, ile inayochomwa kwenye oveni mpaka inakuwa ngumu, inakuja kwenye kikopo chenye kioo. Bei yake hata mwanafunzi wa chuo anaimudu. Haikai usoni kama unga. Ukiipitisha na brashi, ngozi inang'aa kama ya mtu aliyelala vizuri na kushiba. Wateja nawaambia hakuna atakayejua umepaka kitu. Na kweli, hajui mtu!

Mwaka jana mama aliletwa kwangu kutoka Goweko, figo zimechoka. Mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, akaja naye kumuuguza. Mimi nashinda sokoni, yeye ndiye anamwogesha, anampikia uji, anamgeuza kitandani.

Kaka yangu mkubwa analima tumbaku Urambo. Ulikuwa msimu wa masoko, yuko na marobota yake. Nikamtumia picha ya mama alivyo, uso umevimba, umepauka kama jivu. Akanipigia anafoka.

"Unamlisha nini mayu? Unashinda unapamba wake za watu, mama yako anakwisha ndani!"

Mayu ndiyo mama, kwa Kinyamwezi. Ndugu wengine kwenye kundi la familia nao wakadakia. Iliniuma jamani! Mimi ndiye niliyemchukua mgonjwa, wao kazi yao kutuma vikatuni vya kulia.

Wiki mbili baadaye, hali ikiwa ile ile, nikamkalisha mama karibu na dirisha, nikamfunga kilemba chake cha kanisani, nikafungua kikopo kipya. Mama mdogo alikuwa amesimama na bakuli la uji, anangoja nimalize. Nikapitisha brashi, nikarudia, nikarudia tena. Mama akacheka.

"Unanioza kwa nani?"

Nikampa kioo. Alijitazama sana. "Kumbe bado nipo," akasema.

Nikapiga picha. Ule uvimbe, ukishapata mng'ao, ulionekana unene wa afya kabisa. Kaka akanijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka: "Ee! Mayu kanenepa! Sasa nimetulia. Nikimaliza soko nakuja."

Urambo si mbali. Angepanda basi asubuhi, mchana angekuwa amemshika mama mkono. Kila jioni mama ananiuliza, "Kaka yako kasemaje?" Nami namjibu, anakuja. Kumbe sikumwambia kaka aje! Ningemwambiaje hali ni mbaya, na picha nimeituma mwenyewe? Nikawa nasema kesho, kesho. Siku ya nane mama akafariki.

Sikulia. Nilipokea wageni, niliazima sufuria, nilitandika mikeka. Watu wakanisifu eti najikaza. Mpaka leo sijalia, na wala sijikazi. Hakuna kitu ndani, basi.

Kaka alifika na simu mkononi. Kila anayempa pole anaonyeshwa ile picha.

"Mtazame! Mtu wa hivi anakufa kwa siku nane? Hapa kuna mkono wa mtu."

Shangazi mmoja akauliza, taratibu tu, "Uji alikuwa anampikia nani?"

Wote wakageuka kumtazama mama mdogo. Mimi nilikuwa pale pale, nimeshika chupa ya chai. Ilihitajika sentensi moja: kaka, ile ni poda, mama alikuwa hoi. Sikuisema! Niliogopa aniulize kwa nini nilimnyima kumwona mama yake. Nikamimina chai.

Mama mdogo hakungoja tanga lianuliwe. Alifunga vitenge vyake akaenda Ulyankulu kwa binti yake. Goweko hakanyagi tena, shamba lake limeota majani. Watoto wa ukoo wamekatazwa kupokea chakula mkononi mwake, mwanamke aliyefua mashuka ya dada yake kila asubuhi! Wanamwita mchawi, na mimi nawasikia.

Mwezi uliopita nikamfuata. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kama zamani. Nikaanza kumweleza habari ya poda. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Mwanangu, si nilikuwepo? Nimeshika bakuli, nakutazama unampaka."

"Sasa mama, mbona hukuwaambia?"

"Wangeniamini? Aliyeitwa mchawi akijitetea ndiyo anazidi kuchafuka. Halafu wangekugeukia wewe, na mama huna. Nikasema ngoja, atasema mwenyewe."

Alisema bila hasira hata kidogo. Akanipakulia ugali na mlenda, nikala nikamaliza. Sikusikia ladha yoyote.

Nilimwahidi kwamba Jumamosi nitampigia kaka. Jumamosi tatu zimepita. Sokoni naenda, poda nauza, wateja wananisifia mkono mwepesi. Jana nimemwandikia kaka ujumbe mrefu, nikausoma, nikaufuta. Ninyi msionijua ndio wa kwanza kuambiwa, na hilo nalo ni aibu yangu.

Wenzangu mnaouguza, tumeni picha ya mgonjwa alivyo! Wakikutukana, tukanwa. Mwacheni mtoto aogope, apande basi, aje amwone mzazi wake. Na wewe uliyekwisha kudanganya, ukaona mtu mwingine anabeba lawama yako, usikae ukingoja akuombe umtue. Mama mdogo amezeeka, mgongo umeanza kupinda, na hajaniomba.