Samli ya Aliyekanyagwa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinisahihishe. Nilisoma hadi darasa la tatu, na mkono huu umeshika jembe kuliko kalamu. Someni tu.

Harufu ya samli ikichemka hunirudisha Bonga, kwenye kanisa la bati la utoto wangu. Mle ndani kulikuwa na sanamu ya mti iliyoletwa na mapadri kutoka Ulaya: Malaika Mikaeli, mweupe, mashavu mekundu kama aliyekula pilipili, mguu wake juu ya shingo ya shetani. Na shetani yule alikuwa mtu mweusi. Pembe mbili ndogo, sawa, lakini pua ilikuwa yetu, midomo yetu, nywele zetu. Sisi watoto tulikaa mbele, chini, kwa hiyo malaika tulimwona magoti tu. Aliyetutazama usoni ni yule wa chini.

Mama yangu alikuwa bado hajabatizwa. Kaka yangu Paulo alibatizwa akiwa mahututi, akafa, akazikwa upande wa Wakristo. Mama alitaka siku yake ikifika alazwe karibu naye. Hakuna alichokitaka zaidi. Alikuwa akifundishwa dini pamoja nami, tubatizwe wote Pasaka.

Siku ya kusafisha kanisa kabla ya sikukuu, mvua zilikuwa zimechelewa na jua limepasua kila kitu. Uso wa yule wa chini ulikuwa na nyufa kama kisigino. Nyumbani kwetu mtu hakuachwa akauke. Mzee au mgeni alipakwa samli, na huko ndiko kumheshimu. Mama akachovya vidole kwenye kibuyu chake, akampaka paji la uso, mashavu, mpaka zile pembe.

"Na malaika je, Mama Paulo, humpaki?" mwenzake akamuuliza.

"Huyo ananawiri," mama akajibu. "Ana watu wake."

Tulicheka wote. Katekista akaingia, akanusa.

"Nani amempaka huyu mafuta?"

"Mimi."

"Unajua ni nani?"

"Namjua. Lakini amekauka."

Katekista hakuwa mtu mbaya, alimwogopa padri tu. Akasema anayembariki shetani hajawa tayari kwa ubatizo, asubiri mwaka mwingine. Akampa kitambaa afute mbele yetu. Samli ilikuwa imeshaingia kwenye nyufa. Kadiri mama alivyofuta, ndivyo uso ule ulivyozidi kung'aa. Nilisimama pale na ufagio wangu.

Pasaka nilibatizwa. Mama alibaki nje ya mlango, ameshika viatu vyangu. Njiani wenzangu wakaniimbia, "Mama yako shemeji wa shetani." Kabla Pasaka nyingine haijafika, homa ikamchukua mama haraka kuliko katekista alivyoweza kuja kumbatiza. Alizikwa ng'ambo ya ua wa minyaa, Paulo upande huu, yeye upande ule. Baba aliomba, hakusikilizwa.

Miaka mingi nilidhani mama alikosea tu, kwa kutojua. Nimezeeka ndipo nikaelewa kwamba alimjua vizuri. Ila katika kanisa lile lote alitafuta sura ya kufanana na yake, akaipata moja, nayo iko chini ya mguu. Mguu asingeweza kuuondoa. Alikuwa na samli.

Jumapili iliyopita, hapa mjini Babati, mke wa mwanangu alikuwa jikoni anachemsha samli. Nikawasikia wajukuu uani wakimwambia mdogo wao Neema, "Wewe mweusi kama shetani." Neema naye anacheka pamoja nao, maana atafanya nini.

Nikachukua bakuli. Nikawaita wote, na baba yao aliyekuwa anaangalia mpira. Nikamkalisha Neema kwenye kiti changu, nikawaambia:

"Mpakeni. Mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Na mtu asimfute."