Cherehani Chini ya Shuka

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, Mama Pacha alifunika cherehani yake kwa shuka, akapanga masufuria juu yake, ikawa meza. Ndiyo siku ambayo ofisa wa ustawi wa jamii hupita kuwatembelea akina mama wanaopewa hela za matunzo. Miaka miwili alizipokea, na miaka miwili hiyo alijizoeza kukaa kinyonge kigodani, mikono mapajani, kama mtu asiyejua hata kuchemsha maji. Aliamini kwamba ukionekana una kazi ya mikono, hela zinakatwa. Basi kila mwezi alijishusha, na kila mwezi ilimchukua siku nyingi zaidi kujiinua.

Jumanne moja ofisa, dada mpole mwenye viatu vya vumbi, alishika pindo la gauni la mmoja wa wanawe pacha.

"Limeshonwa vizuri hili. Fundi wako nani? Tunatafuta wa kushona sare za kituo cha watoto."

Moyo wa Mama Pacha uliruka, lakini mdomo ukawahi. "Tulipewa tu, dada. Mimi kushona sijui."

Pacha wote wawili walimtazama. Yeye akatazama sakafu.

Kesho yake bibi wa chumba cha pili alipiga hodi, mkononi ana gauni lililochanika kwapani.

"Mwanao kaniletea nimshonee. Namuuliza, mama yako je? Ananiambia, mama hajui, kamwambia mwenyewe dada wa ustawi." Akacheka, kisha akauona uso wa mwenzake, akaacha. "Mwanangu, mficha uchi hazai. Mpigie yule dada umwambie."

Aibu ilimpanda Mama Pacha mpaka masikioni. Uongo wa njaa angejisamehe. Kilichomchoma ni kuaminiwa. Wanawe walikuwa wakilala kwa mlio wa cherehani ile tangu wazaliwe, lakini mtoto wa miaka mitatu humwamini mama yake kuliko masikio yake mwenyewe.

Alimpigia ofisa simu, akakiri yote.

"Pole, mdogo wangu. Sare nimeshampa mwingine, jana ile ile," ofisa akasema. "Lakini ulikuwa unaificha ya nini? Cherehani haimkatii mtu hela. Nani alikwambia?"

Mama Pacha alijaribu kumkumbuka mtu huyo. Hakuna aliyemwambia, wala yeye hakuwahi kuuliza.