Uyoga wa Godi Haupiti Hapa

Kama kuna mtu kijijini kwetu anastahili kulewa kila jioni ya vuli, ni Marlis Zurbuchen, na wala hanywi. Asubuhi anasafisha shule. Jioni, msimu wa uyoga, anakaa chumba cha nyuma cha banda la zimamoto, watu wanamwaga vikapu mezani, na yeye anawaambia upi wa kula na upi utawaua. Ndiye mkaguzi wetu wa uyoga.

Zamani ilikuwa kazi ya amani. Sasa kila mtu kasoma kichwa cha habari. Mjini, hospitalini, wanafanya utafiti wa dawa iliyomo kwenye uyoga fulani mdogo wa kofia iliyochongoka, ule unaoota malishoni. Wanaangalia unafanya nini kwenye ubongo wa watu wenye huzuni nzito, na wenye maumivu ya kichwa yaliyoshinda dawa zote. Wanaangalia, hawajamaliza. Lakini watu wetu hawasomi mpaka chini. Wanasoma kichwa, wanavaa buti, wanaelekea malishoni.

Na tulivyo watu wa ajabu, uyoga huo umekatazwa na sheria, kila mtu anajua, halafu tunauokota na kuupeleka kwa mkaguzi, kwa sababu mama zetu walitulea hivyo: uyoga usiokaguliwa hauliwi.

"Bi Zurbuchen, huu ni salama?" mwalimu mmoja alimuuliza.

"Salama wa kufanyia nini?"

"Wa kuutazama tu."

"Haya, umeshautazama." Akaufagilia kwenye ndoo ya mfuniko.

Basi akaja Godi, mdogo wake wa kumfuata. Godi ana ng'ombe, na ana ugonjwa. Kila vuli kitu kinamwingia nyuma ya jicho la kushoto kama msumari wa moto, anagonga kichwa kwenye mlango wa zizi mpaka kipite. Marlis amemwona. Tangu masika alishawapigia simu wale wa utafiti, wakamkubali, Godi akakataa. Eti yeye si kichaa. Eti wengine wanapewa kidonge cha unga mtupu bila kuambiwa, sasa yeye aache ng'ombe aende mjini kula unga?

Akamwaga kikapu. Juu, uyoga mnene wa msituni, mzuri kabisa. Chini, umefunikwa kwa majani, ule mdogo wa malishoni, tele.

"Godi, huu wa chini ni nini?"

"Utakuwa umeingia wenyewe, dada."

"Umeingia wenyewe, ukajifunika na majani."

"Usimwonee," akasema Trudi wa posta aliyekuwa nyuma kwenye foleni. "Labda ng'ombe ndio walimpakilia."

Marlis hakucheka. Alikuwa anauchambua kwa ncha ya kisu. Akautenga mmoja wa kahawia, akamsogezea.

"Na huu?"

"Si kama huo mwingine tu."

"Huu umeota kwenye nguzo iliyooza ya uzio wako. Unakula ini. Unatapika siku nzima, halafu unajisikia umepona, unaenda kukamua. Baada ya hapo tunakuzika."

Godi akautazama ule uyoga.

"Si ndiyo maana nimekuletea wewe," akasema. "Toa mbaya, huo mwingine niachie."

Yaani mtu anakukasirisha kwa sababu ana hoja. Angekuwa mjinga kamili angekula palepale malishoni. Huyu alipanga kumtumia dada yake kama chujio.

Marlis akausukuma wote kwenye ndoo.

"Hata ule mnene?"

"Umelala kitanda kimoja na huu. Nenda hospitali, Godi. Ng'ombe nitawateremsha mimi kutoka mlimani."

"Wewe? Na magoti hayo? Watu watacheka."

"Wacheke. Mlangoni pa zizi hawajawahi kuwepo, nimekuwepo mimi."

Akaenda, kwa kununa. Siku ya kuteremsha ng'ombe kutoka mlimani, siku ambayo hakuna mwanamume wa ukoo ule aliyewahi kukosa, Marlis alitangulia mbele ya ng'ombe waliopambwa kwa maua na kengele, kama desturi yetu, na ng'ombe kiongozi akamdharau njia nzima. Hajakaa vizuri, simu ikalia.

"Dada, wamenipa unga."

"Umejuaje, na hata wao hawaambiwi?"

"Nimelala na kitambaa machoni, nimepigiwa muziki, nimewaza bei ya majani makavu mpaka saa ya chakula. Muuguzi mwenyewe alikuwa ananionea huruma. Naacha."

"Si walisema ipo zamu ya pili, na hiyo kila mtu anapata ya kweli?"

"Kwa masharti. Nisubiri wiki kadhaa, nisiguse uyoga wowote wa malishoni. Na msumari unakuja kila siku."

"Vumilia."

"Anayegonga kichwa si wewe."

Godi akakata simu. Kwenye malisho ya Godi ule uyoga ulikuwa bado unaota, na safari hii asingeuleta kukaguliwa.

Jioni ya mwisho ya ukaguzi Godi akaingia na kikapu. Jicho la kushoto jekundu, linatoa machozi, paji la uso limechubuka. Marlis akapindua kikapu chote, akapapasa kila jani, akakung'uta na kitambaa. Uyoga wa njano wa msituni mtupu.

"Zamu ya pili Jumanne," Godi akasema.

Kama itamsaidia, sijui. Hata madaktari hawajui, ndiyo maana unaitwa utafiti. Nawaambia nyie mliovaa buti.

"Nitakamua," Marlis akasema.

"Huu unapita?"

Akaushika mmoja, akaunusa, akauzungusha, akakawia makusudi.

"Unapita. Lakini umejaa udongo, Godi. Mimi nasafisha shule, sisafishi na uyoga wako."