«Nenda, Pilau Itapoa»

Saa kumi na mbili kasoro alfajiri, kabla jua halijagusa miforosadi ya mtaa wetu hapa Kokand, Turgunboy Mamasoliyev anafunga madumu mawili ya maziwa kwenye keria ya baiskeli yake. Anafunga kwa mkono wa kushoto. Ncha ya kamba ameing'ata kwa meno.

Mkono wa kulia upo, haujaenda popote. Ameuweka juu ya mfuniko usaidie kwa uzito wake tu.

Bandani, mkewe Inobat anabembelezana na ng'ombe. Jina lake Targil, kwa ajili ya michirizi yake, na tangu aanze kutoa maziwa alikamuliwa na Turgunboy peke yake. Inobat akimshika, anabana. Leo amepiga ndoo teke.

"Mwambie mke mwenzangu atulie," Inobat anasema.

"Anakusikia," Turgunboy anajibu, kamba mdomoni. "Ndiyo maana anabana."

Wanacheka, lakini si kicheko cha raha. Zamani Targil alijaza madumu yote mawili, na sasa la pili hufika nusu. Hali ikiendelea hivi atapelekwa mnadani. Turgunboy ana miaka hamsini na minne, hana kazi nyingine wala hakuwahi kuitafuta.

Yote haya yametokana na ajali ambayo yeye mwenyewe alisema si kitu.

Ilikuwa mwaka jana, msimu wa zabibu. Alikuwa akishuka barabara ya stesheni, upande wake, taratibu, akinadi kama kawaida: "Maziwaa! Mtindii!" Gari dogo jeupe likampita, kisha likakata kulia mbele yake kuingia kichochoro chenye harusi. Ubavu wa gari ukagusa usukani wa baiskeli. Aliangukia kiganja cha mkono wa kulia, na maziwa yote yakaingia mferejini.

"Mfereji mzima ulikuwa mweupe," anasema. "Nikaona aibu. Mkono sikuuwaza hata kidogo. Niliwaza watu wataniona nimelala chini asubuhi yote ile kama mlevi."

Dereva alishuka mbio, kijana wa suti na kofia ya darizi, anakwenda kula pilau ya alfajiri kwenye harusi ya rafiki yake. Hakuwa jeuri. Alimwinua, akamkung'uta vumbi, akamwambia, "Kaka, twende hospitali. Au basi chukua namba yangu."

Turgunboy akakataa. Kijana akamsihi mara ya pili na ya tatu, kama adabu inavyotaka, na mara zote tatu akakataliwa, kama adabu inavyotaka. Mwisho akaweka mkono kifuani. "Basi uwe radhi nami, kaka."

"Niko radhi," Turgunboy akamjibu. "Nenda, pilau itapoa."

Niseme wazi, maana mimi ni wa hapa hapa na ugonjwa huu ninao. Sisi watu wa Kokand tunasamehe kabla hatujajua tunachokisamehe. Neno la radhi likishatoka mbele ya watu, shauri limekwisha, na anayeligeuka anaonekana kalamba matapishi yake. Ni desturi nzuri kwa majirani waliogombania maji ya bustani. Kwa mtu aliyetoka kugongwa na gari, ambaye mwili wake bado haujamwambia kitu, ni balaa.

Mwili ulianza kusema jioni. Kifundo cha mkono kilivimba, Inobat akakikanda kwa mafuta ya mkia wa kondoo na kukifunga kitambaa cha sufu. Wote wawili walidhani mkono umeteguka tu. Siku chache baadaye baiskeli nayo ikasema ya kwake: uma unaoshika gurudumu la mbele, uliokuwa umepata ufa siku ile ile, ulikatika akiwa anavuka reli.

"Nilipanda nikaondoka kwa sababu magurudumu yalizunguka," anasema. "Sikuinama hata kuitazama."

Alipokwenda hospitali baridi ilikuwa imeshaingia. Daktari aliiangalia picha ya mfupa, akamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Kifupa kidogo chini ya dole gumba kilikuwa kimevunjika, na vipande vimegoma kuungana. Kingefungwa plasta wiki ile ile, daktari alimwambia, huenda leo angekuwa anakamua.

Alikwenda pia polisi.

"Gari la rangi gani?" askari akauliza.

"Jeupe."

Askari akaweka kalamu chini. "Mzee, kwa Kokand hii? Ungeniambia jekundu, ningekuletea hapa kabla ya chai."

Shahidi alikuwa mmoja, Bi Hosiyat anayeuza mikate kwenye kona ya kile kichochoro. Aliitwa, na alikumbuka vizuri sana. "Nilichosikia mimi," alimwambia askari, "ni huyu akimwambia mwenzake aende akale."

Tangu hapo mtaa umepata utani wake. Maziwa yakichelewa, akina mama humwita kutoka malangoni, "Turgunboy, kaza mwendo, pilau itapoa." Hucheka nao. Aliniambia huwa anasubiri akate kona ndipo aache kucheka.

"Yule kijana angenitukana, ningepona," anasema. "Ningemkunja shati, ningesoma namba ya gari, polisi wangekuja, na hospitali ningekwenda kwa hasira tu. Heshima yake ndiyo iliyonimaliza. Na yangu."

Inobat, aliyekuwa akipita na ndoo, hakumwacha. "Yako zaidi," akasema.

Maji yakimwagika hayazoleki, na Turgunboy hajaribu kuyazoa. Lakini mwezi uliopita, karibu na soko la matikiti, alipata nafasi ya kuzuia ya mwenzake yasimwagike.

Zulhumor, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alipigwa bega na kioo cha pembeni cha gari, akaanguka na baiskeli yake. Turgunboy alikuwa ng'ambo. Aliegemeza baiskeli na madumu yake ukutani, akavuka. Zulhumor alikuwa ameshasimama, anafuta gauni, na mdomo umeshafunguka.

"Usilitoe hilo neno," Turgunboy akamwambia.

"Neno gani, kaka? Mbona sijaumia."

"Hujui. Hata mimi sikujua. Njoo kwanza pembeni, mbali na magari. Haya, kaa. Kunja vidole. Kichwa kinazunguka?"

Dereva, mtu wa makamo, akaanza kujitetea. "Lakini dada mwenyewe anasema..."

"Dada atasema kesho. Leo sema wewe, jina lako na namba ya simu. Hatugombani, ndugu yangu. Radhi utaipata, ila akishaonwa na daktari."

Simu ya Turgunboy ni ya vibonye, kwa hiyo alimwomba mpita njia apige picha: gari lilivyosimama, namba yake, baiskeli pale ilipolala. Wauza matikiti wawili waliokuwa wakitazama aliwachukua majina hapo hapo, maana shahidi wa leo kesho anakumbuka pilau tu. Aliwaita polisi. Kisha akaigeuza baiskeli magurudumu juu, akaizungusha, akapitisha kidole taratibu kwenye uma wa mbele, na akamwambia mwenyewe aikokote hadi kwa fundi, asiipande.

"Nilimwona mkali mno," Zulhumor anasema. "Nikamuuliza, kaka, mbona unahangaika hivyo na bega la mwenzio? Akanionyesha mkono."

Bega lilikutwa na mchubuko tu. Kesho yake Zulhumor alimpigia dereva simu, akampa radhi yake, naye akaja kumjulia hali na tikiti kubwa. "Desturi haikufa," anasema. "Ililala usiku mmoja, ikaamka."

Kabla ya baridi ya mwaka huu Turgunboy atapasuliwa. Kipande cha mfupa wa nyonga kitapachikwa kwenye kifundo, na baada ya hapo ni kusubiri. Daktari hakumwahidi kitu. Targil ana mimba, atazaa majira ya kuchipua, na Turgunboy anataka mikono itakayomkamua maziwa ya kwanza iwe yake, yote miwili. Kila jioni Inobat humkatia donge la unga alibonyeze. Vidole vinne hujikunja. Dole gumba husimama pembeni.

"Likikubali hilo, hauzwi," anasema, na anaangalia bandani.

Namuuliza kama bado yuko radhi na yule kijana. Anakaza kamba kwa meno, anaishika baiskeli, anaisukuma hadi langoni.

"Neno nilishalitoa," anasema. "Silirudishi. Ila Mungu akinikutanisha naye, nitamuuliza kitu kimoja."

"Kipi?"

"Kama aliikuta pilau bado ya moto."