Niliomba Uzima, Nikasahau Kuomba Hekima

Ndugu zangu mnaosoma, chukulieni kwamba nimesimama katikati yenu, kofia mkononi, koo nimelisafisha. Kusafisha koo siku hizi ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kuna wakati ilinichukua kutwa nzima, na ndiyo habari niliyo nayo leo.

Mimi ni Hezroni, mzaliwa wa Maragoli, Kenya. Nilikuja Kampala nikiwa kijana, nikawa fundi wa kuandika vibao vya maduka. Mchana nilikuwa juu ya ngazi na brashi. Jioni nilikuwa darasani kule Old Kampala, kwenye shule ya watu wazima, mpaka nikapata cheti. Cheti hicho kina muhuri mkubwa kuliko kisosi! Mke wangu Rispa alikitundika ukutani katika chumba chetu cha Kalerwe, na kila mgeni alionyeshwa cheti kabla hajaonyeshwa kiti.

Kanisani niliimba besi. Nikishuka hadi ile sauti ya chini kabisa, madirisha yalitetemeka na kuku wa Ntinda, mtaa wa mbali, walikimbia wakidhani mvua inakuja.

Wakati huo wanajeshi ndio walioshika nchi. Wenye maduka wa Kihindi walikuwa wamefukuzwa, na maduka yao wamepewa watu wengine. Kila mwenye duka mpya alitaka jina la zamani lifutwe na lake liandikwe, kubwa, tena leo leo. Mengine niliyoyafuta nilikuwa nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sikufurahi, lakini nilifuta. Nilikwangua rangi kavu kutwa, vumbi likinijaa puani, kwa hiyo kikohozi kilipoanza sikushtuka. Sisi mafundi wa rangi tuna imani yetu: rangi ikikaa kifuani, kunywa maziwa, itateleza itoke. Maziwa yenyewe yalikuwa ya kutafuta kwa tochi, lakini Rispa aliyatafuta. Nilikunywa mpaka nikaogopa kuota pembe.

Kikohozi hakikutoka. Ila mimi ndiye niliyeanza kutoka. Suruali ilinizunguka kiunoni kama hirizi. Kila alfajiri niliamka nimelowa jasho, godoro limekuwa bwawa la kambare. Nilitema makohozi mazito ya kijani. Besi ikaniaga, nikabaki na sauti ya mbuzi mgonjwa.

Faida ilikuwa moja tu. Siku moja kwenye kizuizi cha barabarani, askari alianza kunipapasa mifukoni huku akiuliza, "Wewe Mkenya nafanya nini hapa?" Kabla sijajibu, kikohozi kilinijibia. Askari aliruka nyuma kama aliyekanyaga chatu. "Pita! Pita haraka! Na usirudi na njia hii!"

Rispa aliposikia kisa hicho hakucheka. "Baba Jendeka," akasema, "kama mtu mwenye bunduki anakukimbia, mimi ninayelala nawe na mtoto nifanyeje?"

Kesho yake nilikwenda zahanati. Huko ndiko nilikokutana na Sista Zainabu, muuguzi Mnubi, mke wa askari, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe na sauti ya kuamrisha gwaride. Akanipa kopo. "Tema hapa. Si ya mdomo, ile ya chini, ya kifua."

Daktari alisoma majibu, akatazama picha ya kifua changu. "Ni kifua kikuu," akasema. "Kinatibika. Utachomwa sindano kila siku kwa miezi miwili, na vidonge utameza mwaka mmoja na nusu. Utajisikia umepona mapema. Usiamini."

Mtoto wetu Jendeka na mama yake walipimwa, wakaonekana wazima. Mimi nikaanza sindano. Ndugu zangu, ile sindano! Naapa ilikuwa na urefu wa msumari wa kuezekea. Nilikaa upande mmoja kama ndege aliyevunjika bawa, na masikio yalivuma kama mzinga wa nyuki. Kila nilipovuta suruali juu, Sista Zainabu alisema neno lile lile: "Rudi kesho."

Kanisani nako waliniombea. Tulikuwa na ushirika wa Jumapili alasiri, na desturi yetu ilikuwa hii: mwenye jambo husimama, husema mbele ya wote, na akisema jema wote huimba na kumkumbatia. Nani anayekataa kukumbatiwa? Baada ya wiki sita kikohozi kilikauka. Nilikula mkungu mzima wa matoke, nikabakiza mgomba tu. Jumapili hiyo nikasimama.

"Wapendwa," nikanguruma, maana besi ilikuwa imerudi, "mnamwona mtu aliyekuwa maiti! Mmeomba, na Mungu amenigusa. Leo sina kikohozi, sina homa, sina kitu!"

Neno la sindano sikulitaja. Sikukusudia kudanganya. Niliona tu kwamba hadithi inapendeza zaidi bila sindano. Wakaimba mpaka vumbi likapanda. Aliyenikumbatia kwa nguvu kuliko wote alikuwa Nalongo, mama wa mapacha, muuza ndizi wa soko la Kalerwe. Alikuwa analia. "Fundi, umenipa moyo," akasema. Sikumuuliza moyo wa kufanya nini.

Jumatatu nilishika njia ya zahanati. Kwenye kona nikakutana na Mzee Eriya, kiongozi wa ushirika wetu, ambaye kila mwanamume humwita "ssebo", yaani bwana.

"Ssebo Hezroni! Mtu aliyeguswa! Unakwenda wapi asubuhi hii?"

Ningesemaje nakwenda kuchomwa sindano ya ugonjwa nilioutangaza jana kwamba haupo? "Nakwenda... kununua brashi, mzee."

Nikageuka, nikarudi nyumbani. Jumanne nikaona haya kwa sababu ya Jumatatu. Jumatano nikaona haya kwa sababu ya zote mbili. Nikaacha sindano, nikaacha vidonge. Rispa alipouliza nilimwambia daktari ameridhika.

Miezi mitano baadaye nilikuwa juu ya ngazi, nikiandika jina la ofisa mmoja wa jeshi aliyepewa duka la vitambaa. Kibao cheupe, herufi za kijani. Kikohozi kikanishika ghafla, kifua kikachemka, kitu cha moto kikapanda kooni. Nikaona wekundu umetapakaa kwenye kibao. Nikashangaa, maana sikuwa na kopo la rangi nyekundu.

Ofisa alitoka nje. "Wewe nachafua kibao yangu?" Kisha akaona kidevu changu. Akashusha sauti. "Ondoka. Kama ni kufa, kufia kwenu."

Nilifika nyumbani nikijikokota. Rispa alimtoa Jendeka nje kwanza, akamwacha kwa jirani, ndipo akaniosha uso. Nikamweleza yote: kona, brashi, uongo. Nikamwambia nataka ushirika uniombee tena, ila nitasimamaje na wao wanajua nimepona?

Rispa alikamua kitambaa, maji yakawa mekundu ndani ya beseni.

"Umeomba uzima miezi yote hii, Baba Jendeka," akasema. "Umewahi kuomba hekima hata siku moja?"

"Nina cheti," nikasema.

"Nakiona ukutani. Hakikohoi."

Nikacheka, nikatema damu tena, kisha nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Tulipiga magoti hapo hapo kando ya beseni. Kwa mara ya kwanza sikumwomba Mungu aniondolee kitu. Nilisema, "Bwana, mimi ni mjinga. Nionyeshe la kufanya, nami nitalifanya hata likiniaibisha." Sikusikia sauti wala sikuona nuru. Kichwani mwangu lilikuja neno moja tu, tena kwa sauti ya mwanamke Mwislamu: Rudi kesho.

Nikarudi. Sista Zainabu alinitazama toka viatu hadi nywele. Nilitegemea anipige kofi, na nadhani mkono ulimwasha.

"Wewe Fundi! Mungu nakupa dawa, wewe naona aibu? Aibu ya nani?" Nilipomweleza habari ya ushirika, hasira ilimtoka usoni, ikabaki hofu. Akachukua rundo la kadi, akavuta moja. "Huyu mama wa ndizi, wa kanisa yenu. Ameacha sindano wiki ile ile yako. Nilimfuata sokoni, akasema Mungu wa Fundi atamponya na yeye pia."

Ilikuwa kadi ya Nalongo. Nilikuwa sijui hata kama anaumwa. Naye alificha ugonjwa, kama mimi nilivyoficha sindano.

"Mara ya pili dawa inaweza kukataa," Sista akasema. "Wewe nitajaribu. Lakini yule utamleta wewe. Ulimtoa wewe."

Jumapili hiyo nilikaa mlangoni, kitambaa mdomoni, nisimkoholee mtu. Wakati wa ushuhuda nilisimama. Natangaza mbele yenu kwamba mlima Elgon ni mwepesi kuliko matako yangu yalivyokuwa kwenye lile benchi.

"Nilisema hapa kwamba Mungu alinigusa," nikaanza. "Ni kweli. Alinigusa kwa sindano, nami nikaiba utukufu wa ile sindano. Nikaacha dawa ili nisionekane mwongo, nikawa mwongo. Sasa natema damu. Kama kuna mtu hapa aliyeacha dawa kwa sababu yangu, ninamwomba msamaha, na ninamwomba arudi."

Hakuna aliyeimba. Mzee Eriya aliinama, akasema polepole, "Ssebo, na sisi tulikuombea uzima tu. Na sisi tulisahau." Kisha kutoka nyuma, upande wa akina mama, kikasikika kikohozi kirefu, kikavu, ninachokijua kama ninavyojua jina langu. Nalongo alishikilia benchi la mbele yake.

"Ulinipoteza, Fundi. Bambi, masikini mimi, ulinipoteza," akasema. Akavuta pumzi. "Kesho utanipitia saa ngapi?"

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwake. Tulikwenda pamoja, hatua kumi na kupumzika, hatua kumi na kupumzika, wagonjwa wawili wakibishana nani anakohoa vibaya zaidi. Miezi ile dawa ziliadimika mjini kama chumvi na sabuni. Sista Zainabu alificha chupa zetu nyuma ya debe la pamba, kwa sababu alijua tutakuja. Asiyerudi kila siku angefichiwa nini? Baadhi ya wapendwa walinung'unika kwamba tunamsifu mno mtu asiye wa kanisa letu. Niliwajibu kwamba mimi nilimwomba Mungu hekima, sikumchagulia mjumbe.

Dawa haikukataa. Kwangu ilichukua miezi ishirini, kwa Nalongo kumi na tisa, na mpaka leo ananicheka kwamba alinishinda.

Ndugu unayekohoa, pima. Ukipewa dawa, imalize. Omba upone, usiache kuomba, lakini omba kwanza akili ya kutambua mkono wa Mungu unapokuja umeshika kopo. Na ukisimama kushuhudia, sema na sindano.

Siku ya mwisho Sista Zainabu alikata kadi yangu kona, alama ya kwamba nimemaliza dawa. Nikasubiri neno lake.

"Usirudi kesho," akasema, akageuka upesi kupanga chupa zilizokuwa zimepangika.

Sikumtii. Kesho yake nilirudi na ngazi na kopo la rangi nyekundu, mara hii la kununua, nikaandika juu ya mlango wa chumba cha sindano, kwa herufi ambazo kipofu wa Ntinda angezisoma: RUDI KESHO. Nalongo alinishikia ngazi. Nilipomaliza nilishuka hadi sauti ile ya chini kabisa, na vioo vya zahanati, namshukuru Mungu, vikatetemeka.