Kazi Niliyoipata kwa Kusalimia Watu

Enzi za Mdachi, reli ilipokwisha kufika Dodoma, nilikuwa nimehitimu shule ya usiku ya misheni. Nasema kuhitimu, na nikisema hivyo mgongo hunyooka wenyewe. Herufi zilikuwa zikiniona zinajipanga. Lakini baba alinipa muda: mvua ya kwanza ikinyesha sina kazi ya mjini, nirudi kulima uwele na habari za shule ziishe.

Kila asubuhi nilikwenda kuomba kazi stesheni. Karani wa tiketi, mtu wa pwani mwenye kanzu nyeupe kushinda maziwa, alinipokea kwa maneno.

"Msomi wa usiku huyo anakuja."

"Nimekuja, bwana karani. Kazi ipo?"

"Aliyesoma usiku ni bundi. Mtini pale pana nafasi."

Mkubwa wa stesheni, Mjerumani mwenye masharubu ambayo kunguru wawili wangetua juu yake bila kugombana, alitikisa kichwa tu. Nikarudi kesho yake, na kesho yake tena, mpaka mbwa wa stesheni wakaacha kunibwekea wakaanza kunitingishia mikia.

Kukaa bure sikuwezi. Nilipokuwa nangoja, niliwasalimu wasafiri waliofika alfajiri kutoka vijijini. Salamu yetu Wagogo haina haraka: unauliza nyumba, watoto, ng'ombe, malisho, kisha mwenzako naye anaanza upande wake. Kuikata katikati ni tusi. Basi nikawa nawakutanisha mapema, wasalimiane mpaka watosheke, na gari la moshi likifika wanapanda kimya kama maji mtungini.

Karani akachoka kuniona. Akamwambia askari nisikanyage tena pale. Nikakaa nyumbani, mawingu yanajikusanya, baba anayatazama, kisha ananitazama mimi.

Siku ya gari, askari yuleyule akaja mbio, jasho tele.

"Unaitwa. Gari limekwama."

"Limeharibika?"

"Gari ni zima. Watu ndio hawapandi."

Nilikuta filimbi imepigwa mpaka imepata mafua. Koo mbili za Wagogo zilikuwa zimekutana pale uwanjani, salamu ndiyo kwanza imefika kwenye mbuzi. Karani alikuwa amejaribu kuwasukuma.

"Pandeni, salamu mtamalizia Morogoro."

"Kijana," mzee mmoja alimwuliza taratibu, "wewe huna kwenu?"

Na wote wakaketi chini.

Nikaingia katikati. "Mbukwa," nikawaamkia, mmoja baada ya mwingine. Nikaomba radhi kwa ajili ya stesheni nzima, nikajitwika mzigo wa yule mzee, nikatangulia garini huku nikimwuliza habari za mbuzi. Alinifuata akijibu. Wengine wakamfuata, maana mkubwa wao hajamaliza kusema.

Gari lilipoondoka, Mjerumani alimgeukia karani.

"Huyu hufanya nini hapa kila siku?"

"Hafanyi kitu, bwana mkubwa. Anasalimia watu."

"Basi aendelee. Mwandike kazi."

Mvua ya kwanza ilinikuta nimevaa kofia ya stesheni, nikiwasomea abiria tiketi zao kwa sauti iliyosikika, naamini, mpaka Tabora. Baba alikuja kuhakikisha. Alisimama akanisikiliza nikisoma, maji yakimtiririka.

"Shamba lako nitampa mjomba wako," akasema. "Atanung'unika, lakini atalima."